Bangili ya Shahidi wa Tatu

1

Nilimvalisha Tusajigwe bangili mkono wa kushoto, kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa umeshika kikombe cha chai na hakutaka kukiachia. Sikumlazimisha. Katika chumba cha mashahidi cha Mahakama ya Jinai ya Lugombo hatumlazimishi mtu kitu, hata kukaa. Mwaka jana nilikuwa na shahidi mmoja aliyesubiri saa mbili nzima amesimama nyuma ya mlango. Nikasimama naye, na miguu yangu ikavimba siku mbili.

"Itauma?" akaniuliza.

Nikamwambia haiumi, ila atasikia ubaridi kidogo, kisha atajiona kama mtu aliyelala usingizi wa kutosha. Nikamweleza kama ninavyowaeleza wote. Bangili inasoma mapigo ya moyo, jasho na pumzi, na kila hofu inapopanda inaugusa mshipa wa fahamu kidogo tu mpaka itulie. Haikupi maneno, wala haikufuti kumbukumbu. Kila hofu inayoiondoa inaiandika kwenye jedwali, na jedwali hilo ni mali ya shahidi mwenyewe. Polisi hawalioni, jaji halioni, hata mume wako, nikaanza kusema, kisha nikajing'ata ulimi. Mume wake, Gwakisa, ndiye aliyekuwa marehemu katika kesi hii.

Taa ya kijani ikawaka. Mabega yake yakashuka na kikombe akakiweka mezani.

Taa hiyo ikishawaka, mimi na shahidi tunazungumzia ndizi, mvua na watoto, basi. Afisa msaada akimuuliza shahidi jambo la kesi bangili ikiwa imewaka, ushahidi wote wa shahidi huyo unafutwa. Yeye na watoto wake wanahamishiwa nyumba ya hifadhi siku hiyo hiyo mpaka asikilizwe upya na jaji mwingine, na afisa anapandishwa kizimbani. Sheria ni kali kwa sababu mtu asiye na hofu hana kizuizi mdomoni, na mwenye nia mbaya anaweza kumchota kama maji ya kisima. Tulifundishwa hilo siku ya kwanza ya kazi, kabla hata ya kuonyeshwa choo kilipo.

Kwa hiyo aliniambia habari za binti zake. Lugano ana miaka mitano na anajua kuhesabu mpaka mia, ila sitini anairuka kila mara. Ikupa ana miaka miwili na halali bila kushika sikio la mtu. Nilicheka, naye akacheka, na dakika tano baadaye nikamwingiza mahakamani kutoa ushahidi kwamba mumewe aliuawa kwa nyundo kwenye stoo ya maparachichi.

Mshtakiwa alikuwa Ipyana, fundi wa pampu za maji, rafiki wa marehemu tangu shuleni. Naye alikuwa na haki ya bangili, kama mshtakiwa yeyote, lakini aliikataa. Alimwambia Jaji Kemilembe kwamba anataka mahakama imwone alivyo. Basi mahakama ikamwona. Mikono yake ilitetemeka juu ya ukingo wa kizimba hata pingu zikawa zinagonga mbao, na kila mtu ukumbini alikuwa akiisikia sauti hiyo.

Upande wa pili alisimama Tusajigwe, shahidi wa tatu, sauti imenyooka, na ukuta wa mahakama ukawa unayaandika maneno yake kadiri anavyoyatamka. Alisema alikuwa akianua nguo saa kumi jioni. Alimwona Ipyana akitoka stoo na nyundo mkononi. Alimjua kwa shati lake la kazi. Jaji akamuuliza nani mwingine alikuwa nyumbani wakati huo.

"Baba mkwe wangu alikuwa ndani, amepumzika," akajibu.

Sauti haikuyumba hata kidogo. Wanawake wawili nyuma yangu wakanong'onezana jinsi mjane huyu alivyo jasiri. Mimi nikajivuna kimoyomoyo, nakiri, kama vile ujasiri ule nilikuwa nimeushona mwenyewe.

Nina sababu ya kuipenda bangili ile. Zamani, kabla ya mahakama mpya, kesi ya dada yangu Anyosisye ilichukua miaka sita. Siku aliyoitwa kusema alichofanyiwa, alimwona mtu yule ameketi mita tatu mbele yake, akafungua mdomo, akaanguka. Aliitwa tena mara mbili, akaanguka mara mbili. Mtu yule akaachiwa, na mpaka leo tunakutana naye sokoni akichagua nyanya. Siku hizi kesi inamalizika kwa siku kumi na tisa, na hakuna mwanamke aliyeanguka mbele yangu tangu nianze kazi. Anayetaka kuniambia ubaya wa bangili, aanze kwanza na dada yangu.

2

Baada ya ushahidi, afisa anabaki na kazi ya mwisho. Analipitia jedwali la hofu mara moja tu, kuhakikisha bangili haikumzidishia shahidi, kisha analifunga. Hofu inapimwa kutoka sifuri hadi kumi. Kilele chochote kinachozidi saba, afisa lazima akiandikie sababu kwa mstari mmoja. Kisipokuwa na sababu, hukumu inasimama na shahidi anapelekwa kwanza kwa daktari.

Nilitegemea kilele kwenye jina la Ipyana. Jina la Ipyana lilikuwa na mbili. Nyundo ilikuwa na nne. Kilele kilikuwa kimoja tu katika ushahidi mzima, tisa na nusu, pale alipomtaja baba mkwe.

Nikatabasamu peke yangu. Hapa ndipo wenye mashine walipokiri kwamba mashine haiwezi kitu bila mtu. Sheria inataka afisa msaada awe wa mila na lugha ya shahidi, ili mtu asije akahukumiwa kwa sababu hawakujua kwao kukoje. Ndiyo maana kazi hii nilipewa mimi, Sekela, si mgeni mwenye shahada tatu. Kwetu milimani mke wa mtu hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Hamtaji, hapiti njia aliyopita yeye, na akimwona anatokea huinama nyuma ya migomba mpaka apite. Mimi mwenyewe katika miaka ishirini ya ndoa sikumwona baba mkwe wangu usoni mpaka siku tulipomzika, na hata siku hiyo niliona haya. Ungenivalisha bangili ukanitajisha habari zake mbele ya umati, ungepata tisa na nusu, labda na zaidi.

Nikaandika kwenye kisanduku cha sababu: mila ya mkwe. Nikabonyeza, jedwali likajifunga. Nikaenda kula.

3

Huduma haiishii mahakamani. Ndani ya siku mbili lazima afisa amtembelee shahidi nyumbani, aone kama amelala, kama amekula, kama kuna anayemsumbua. Nilifika kwa Tusajigwe Jumatano mchana, na paketi ya sukari kwenye mkoba. Anaishi kwa wakwe, nyumba kubwa ya matofali juu ya mashamba ya parachichi, yenye mashine ndogo za kunyunyizia zinazotambaa kati ya miti. Mwenye nyumba ni mzee Ambakisye, mwenyekiti wa chama cha wakulima, mtu ambaye akiingia mkutanoni wengine hunyanyuka kumpisha kiti.

Nilitegemea mzee atakuwa ameondoka au yuko chumba kingine, kama ilivyo desturi mkwe anapopokea mgeni. Lakini mzee alikuwa sebuleni. Nikampa shikamoo, akaitikia kwa upole, akaniuliza habari za kazi. Ikupa alikuwa amelala mapajani pake, kidole kimoja kwenye sikio la babu.

Kisha Tusajigwe akaingia na jagi la maji na beseni. Akapiga magoti mbele ya mzee, akamnawisha.

Nilimtazama mkono kwa mkono, kidole kwa kidole. Alimwita baba. Alimuuliza kama aongeze mchuzi. Mzee aliona ninavyotazama, akacheka.

"Unashangaa, mwanangu," akaniambia. "Sisi hayo ya kukwepana tumeyaacha. Huyu nilimfungulia siku Ikupa alipozaliwa. Nilimpa kitenge mbele ya ukoo, akaninawisha, yakaisha. Sasa ni binti yangu kabisa."

Nikasema ni jambo jema. Miaka miwili. Kwa miaka miwili huyu mwanamke anamnawisha mikono, anamtengea chakula, anamwita baba. Mila niliyoiandika kwenye kisanduku ilikuwa imefunguliwa zamani mbele ya ukoo mzima, na mimi niliyeajiriwa kwa kuijua sikuuliza. Nilijipima mwenyewe, nikamvika yeye hofu yangu.

Maji yalikuwa yakimwagika nje ya beseni. Mkono wa Tusajigwe ulikuwa unatikisika, si sana, kiasi cha jagi kugonga ukingo. Mzee aliushika mkono ule taratibu, akauelekeza, akaendelea kunawa.

Nilipoaga, Tusajigwe alinisindikiza hadi kwenye ngazi. Mzee alibaki mlangoni nyuma yetu, na mtoto begani. Nilimuuliza kwa sauti ya kawaida kama analala vizuri. Akasema analala. Nikamuuliza kama kuna kitu anahitaji kutoka ofisini.

"Zile bangili, dada," akasema bila kunitazama. "Hamtoi za kuvaa nyumbani?"

4

Hukumu ilikuwa imepangwa Ijumaa saa nne asubuhi. Ipyana angefungwa maisha, na hakuna aliyekuwa na shaka, kwa maana shahidi wa tatu alikuwa ametulia na mshtakiwa alikuwa ametetemeka. Sheria inamwambia jaji asihesabu kutetemeka. Lakini jaji ni mtu, ana macho, na pingu zile ziligonga mbao siku nzima.

Alhamisi asubuhi nilikwenda kwa Mdoe, fundi wa mitambo ya mahakama, anayekaa kwenye chumba chenye baridi akiwa amevaa sweta mbili. Ni mtu mzuri, ana utani mwingi, ila siku hiyo aliniona uso akauweka utani pembeni. Nilimwambia niliandika sababu ya uongo kwenye jedwali, si kwa makusudi, na nataka kuifuta.

Akatikisa kichwa. Jedwali likishafungwa, alinieleza, linafunguka kwa kidole gumba cha shahidi tu. Baada ya siku thelathini linajifuta lenyewe, isipokuwa shahidi aombe litunzwe. Nikamuuliza kama hakuna njia nyingine kabisa.

"Ipo," akasema. "Ufunguo wangu. Lakini ni mmoja, mama Sekela. Nikilifungua hilo nimeyafungua yote elfu nne. Kesho asubuhi kila wakili wa mji huu atakuwa mlangoni anataka kujua mteja wake alimwogopesha nani, na saa ngapi."

Nilikaa kwenye kiti chake cha ziada. Nilimfikiria binti wa jana yake, aliyekubali kumtaja mwalimu wake kwa sababu nilimwahidi kwamba hakuna atakayejua alivyoogopa. Nilimfikiria yule wa kusimama nyuma ya mlango. Wote waliingia kwa ahadi moja, na ahadi ile niliitoa mimi kwa mdomo wangu, nikiwa nimewashika mikono.

Mdoe akaniuliza kwa nini nisiende polisi. Nikamwambia watauliza nimejuaje. Nikisema nilimwona mkwe anamnawisha mzee na maji yakamwagika, watanicheka. Nikisema zaidi ya hapo, nimelifungua jedwali kwa mdomo badala ya ufunguo. Na wakienda kwa mzee Ambakisye kumuuliza, kabla hawajamaliza chai yake Tusajigwe atakuwa amejua nani kawatuma, na mzee pia atakuwa amejua.

Ningeweza kunyamaza. Nalisema hili wazi kwa sababu nililifikiria kwa kirefu, tena nikiwa na akili zangu. Ningenyamaza, bangili ingebaki na heshima yake, wasichana wangeendelea kusema bila kuanguka, na Ipyana angeoza jela kama gharama ambayo hakuna anayeijua. Nilijaribu kujishawishi kwamba huenda ndiye aliyeua. Kilele cha hofu si ushahidi. Mtu anaweza kumwogopa mkwewe kwa mambo mia. Lakini kila nilipofika hapo niliisikia ile sauti ya pingu kwenye mbao.

Mchana huo wote nilisoma kanuni za kazi yangu. Sijawahi kuzisoma hivyo hata siku ya mtihani. Kifungu kimoja, cha tisa, nilikirudia mara saba, kile tulichofundishwa kabla ya kuonyeshwa choo.

5

Ijumaa saa tatu na nusu Tusajigwe alifika, na mzee Ambakisye nyuma yake. Walikuja na watoto wote wawili. Lugano alikuwa amevaa viatu vya Jumapili. Ikupa alikuwa mikononi mwa babu yake, na babu akasema atamngoja mkwe hapo nje ya chumba cha mashahidi, yeye hana haraka. Kwenye mlango wetu kuna kioo kidogo, na kupitia kioo hicho nilikuwa namwona bega lake, na mkono wa mtoto kwenye sikio.

Shahidi anayekuja kusikiliza hukumu ana haki ya bangili. Tusajigwe akaketi na kunyoosha mkono kabla sijamwambia. Nikaushika ule mkono bila kuuvalisha kitu. Ulikuwa baridi.

Nilimwambia polepole kwamba jedwali lake lipo, limefungwa, na kwamba yeye peke yake anaweza kulifungua kwa kidole gumba. Sikumwambia kuna nini ndani. Nilimwambia pia kwamba mimi nililiandikia jambo nisilolijua, na ninamwomba radhi. Akanielewa. Niliona kwamba amenielewa, kwa sababu alitazama kwanza kioo cha mlango, ndipo akanitazama mimi.

"Halafu nirudi kulala wapi?" akasema.

Akanyoosha mkono tena. Nikamvalisha bangili, taa ya kijani ikawaka, na kama siku zote mabega yakashuka. Uso wake ukawa laini, wa msichana. Huo ndio ulikuwa wakati wa kuzungumzia ndizi na mvua.

Naomba nieleweke. Hakuna neno lililoniponyoka mdomoni, wala sikupitiwa. Nilijua ninachofanya, na nilijua kwamba ninamfanyia yeye bila ruhusa yake, na kwamba kwa kosa hilo hilo nimewahi kumshitaki mwenzangu mmoja miaka mitatu iliyopita bila huruma.

"Tusajigwe," nikasema, "nani alitoka stoo na nyundo?"

"Baba," akajibu. Alijibu kwa sauti ile ile aliyoniambia nayo kwamba Lugano anairuka sitini. "Walikuwa wanagombania shamba la juu. Sidhani alikusudia amuue. Aliniita nikaiosha nyundo. Shati la Ipyana alinifundisha yeye."

Yeye akaendelea kuniangalia kwa upole, kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa.

"Ukinivua hii nitasema tena ni Ipyana," akasema. "Na hata sasa hivi ukinipeleka mle ndani nitasema ni Ipyana. Siogopi, dada, ni kweli siogopi. Lakini Ikupa yuko mikononi mwake. Hilo halibadiliki kwa taa."

Miaka yote hii niliamini hofu ndiyo ugonjwa na sisi ndio tuna dawa. Kumbe tulikuwa tunamziba mtu masikio ili asisikie mlango wake ukivunjwa. Niliona aibu kuliko nilivyoona hofu, na hofu nilikuwa nayo nyingi.

Kengele ya mahakama ikalia. Nikamshika mkono, tukatoka, tukampita mzee. Akanitolea tabasamu, nikalirudisha. Sijui hata lilitokea wapi.

6

Jaji Kemilembe alikuwa ameshafungua hukumu mbele yake. Ipyana alisimamishwa. Pingu zikaanza.

Maafisa msaada hawasemi mahakamani. Tuna benchi letu pembeni, na kazi yetu ni kuwepo. Niliposimama, karani alidhani shahidi anaumwa, akanisogezea chupa ya maji. Nikamwambia mheshimiwa jaji kwamba nina taarifa ya kutoa chini ya kifungu cha tisa kabla hajasoma. Ukuta ukayaandika maneno yangu, na nilipoyaona yameandikwa nikajua hayarudi tena.

"Taarifa dhidi ya nani?" akauliza jaji.

"Dhidi yangu mwenyewe, mheshimiwa. Dakika kumi zilizopita nimemuuliza shahidi wa tatu jambo la kesi hii, bangili ikiwa imewaka."

Pingu za Ipyana zikaacha kugonga mbao. Jaji Kemilembe ananifahamu, tumefanya kazi miaka minane, mwaka juzi alinipa cheti mbele ya wageni. Akaniuliza kama najua ninachokisema, nikamwambia nakijua. Akaniuliza nilimuuliza nini. Nikajibu kwamba nilimuuliza swali moja.

"Na yeye akakujibu nini?"

"Hilo ni lake, mheshimiwa. Siwezi kulisema na sheria haiwezi kunilazimisha."

Sikugeuka kumtazama mzee Ambakisye, lakini nilimsikia akikohoa. Hakuwa na cha kushika. Kilichojulikana ukumbini ni kwamba afisa mmoja amekosa adabu ya kazi. Nilichoambiwa hakikuwemo kwenye ukuta, na jedwali lilikuwa limefungwa kama yale mengine elfu nne.

Jaji akafunga hukumu yake bila kuisoma. Akasema maneno ambayo nilikuwa nimeyarudia tangu jana mpaka nikayajua kwa moyo. Ushahidi wa shahidi wa tatu umefutwa. Mshtakiwa atarudi mahabusu kungoja kusikilizwa upya mbele ya jaji mwingine. Shahidi na watoto walio chini yake wahamishiwe nyumba ya hifadhi sasa hivi, kutokea hapa hapa, mahali pasipotajwa. Afisa msaada awekwe chini ya ulinzi.

Wanawake wawili wa hifadhi, waliovaa makoti ya bluu, wakaenda mpaka kwenye benchi la mzee. Mmoja akanyoosha mikono ili apewe mtoto. Mzee hakumtoa. Alisema mtoto amelala, ataletwa kesho, hakuna haja ya kumsumbua mtoto kwa makosa ya wafanyakazi. Alisema kwa upole sana, na watu kadhaa wakaitikia kwa vichwa. Nilihesabu. Nilifika kumi na nne bado amemkumbatia. Nikawaza kwamba nimekosea kila kitu, kwamba atasimama atoke naye, kwamba nimemuuza Tusajigwe mara ya pili kwa kutojua.

"Mzee Ambakisye," Jaji Kemilembe akasema, "mpe mtoto."

Akamtoa. Kidole cha Ikupa kilibaki kwenye sikio lake kwa kitambo, kisha kikaachia.

Walimpitisha Tusajigwe karibu na kizimba cha mashahidi, nilimosimamishwa chini ya ulinzi. Lugano alikuwa amemshika sketi. Bangili ilikuwa bado imewaka, kwa hiyo uso wake haukuniambia chochote, kama ananishukuru au ananilaani, na nilijiambia kwamba huenda sitajua maisha yangu yote. Nilistahili kutojua.

Alisimama. Akaigeuza bangili mkononi, akatafuta kifungo, akaivua mwenyewe. Taa ikazima. Mkono ukaanza kutetemeka papo hapo, ukapanda mpaka begani, mpaka kidevuni. Alimpokea Ikupa kutoka kwa yule mama wa koti la bluu, akambana kifuani ili mkono upate kitu cha kushika. Kisha akaiweka bangili juu ya ukingo mbele yangu.

"Dada," akasema, na sauti ilikuwa imekatika vipande vipande. "Lile jedwali langu. Wasilifute."

Wakaondoka kwa mlango wa nyuma. Karani akaja na bangili nyingine, mpya, akaniuliza, kama utaratibu unavyotaka, iwapo nitaihitaji kabla ya kusomewa mashtaka. Upande wa pili wa ukumbi Ipyana alikuwa ananitazama. Nikaweka mikono yangu miwili juu ya mbao, ikawa inagonga, nikamwambia karani hapana, asante.